Yidnekatchew Tessema, mzee wa kombe la Addis Ababa

Hapa kwetu Garissa, mtu akitajwa jina moja tu hajatajwa. Lazima lifuate jina la baba yake, kisha la babu yake, na wazee wakiwa na nafasi watapanda mpaka kwa babu wa saba. Kwa hiyo sisi watu wa Kaskazini Mashariki hatuwezi kuona ajabu tukiambiwa kwamba majirani zetu Wahabeshi nao hawana jina la ukoo kama Wazungu. Mtu ana jina lake, na la pili ni la baba yake. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu magazeti ya nchi za nje, na hata ya hapa nchini, yalizoea kumwita Bwana Tessema mtu ninayetaka kumweleza leo. Kumwita hivyo ni kumwita baba yake. Yeye aliitwa Yidnekatchew, jina ambalo kwa Kiamhari lina maana ya kuombea kwamba watu wastaajabu. Na watu, kwa kweli, walistaajabu.

Vijana wanaokaa kwenye mikahawa ya Soko Mugdi na Bulla Iftin wakibishana habari za Arsenal na Manchester hawamjui. Siwalaumu. Lakini kila miaka miwili, Kombe la Mataifa ya Afrika linapochezwa, vijana hao hao hawalali. Wanakaa mbele ya televisheni, macho yamewatoka, chai inapoa vikombeni, na penalti ikipigwa utaona mtu mzima mwenye ndevu akigeukia ukuta asione. Ni haki wajue kombe hilo lilikotoka, na kwamba mmoja wa waliolianzisha alikuwa jirani wa mpakani, aliyezaliwa upande wa pili wa Moyale, mbali kidogo kuelekea magharibi, katika mji wa Jimma.

Alizaliwa mwaka 1921. Baba yake, Tessema Eshete, alikuwa mtu maarufu kwa njia nyingine kabisa. Alikuwa malenga na mwimbaji. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mfalme Menelik alimtuma Ujerumani akajifunze mambo ya motokaa, na huko huko akaimba mbele ya mashine ya kunasia sauti. Sahani zile za santuri huhesabiwa kuwa za kwanza kabisa za muziki wa Kihabeshi. Basi fikiri, msomaji, nyumba ya namna gani aliyokulia kijana huyu: baba anafahamu ushairi na anafahamu injini. Mtoto naye akachagua mpira.

Alisoma Addis Ababa katika shule ya Tafari Makonnen. Alikuwa kijana wa miaka 14 hivi majeshi ya Mussolini yalipoivamia nchi yake mwaka 1935, na mwaka uliofuata yakauteka mji mkuu. Miaka mitano ya utawala wa Mtaliano ilikuwa miaka ya ubaguzi wa wazi, hata katika michezo. Mweusi alicheza na mweusi mwenzake, mweupe na mweupe mwenziwe. Nadhani hapo ndipo tunapopaswa kutafuta chanzo cha mambo yote aliyoyafanya baadaye. Mtu aliyekatazwa uwanja akiwa kijana hasahau, na wala hahitaji kusomewa kitabu ili ajue ubaguzi ni kitu gani.

Mtaliano alipofukuzwa mwaka 1941, kandanda ilifunguka. Shirikisho la Ethiopia liliundwa mwaka 1943, naye alikuwa miongoni mwa waliolijenga, ingawa alikuwa bado kijana na bado anacheza. Ligi ya kwanza, ile ya mwaka 1944, ilikuwa kama mkutano wa mataifa: Waarmenia walikuwa na timu yao, Wagiriki yao, Wataliano waliobaki yao, na wanajeshi wa Kiingereza yao. Wahabeshi walikuwa na St. George. Walioshinda mwaka huo walikuwa wanajeshi wa Kiingereza, lakini ilionekana dhahiri kwamba wenye nchi hawatakubali kubaki nyuma siku nyingi.

Yidnekatchew alivaa jezi ya St. George tangu mwaka 1943 hadi 1958. Hesabu inayotajwa ni mabao 318 katika mechi 365. Hata ukipunguza kidogo kwa ajili ya mapenzi ya mashabiki wanaoweka hesabu, bado huyo ni mshambuliaji wa kuogopwa. Timu ya taifa aliichezea mara 15. Idadi hiyo yaonekana ndogo kwa macho ya leo, lakini zama zile Ethiopia haikuwa na wa kucheza naye. Mechi yake ya kwanza ya kimataifa ilikuwa Desemba 1947, ilipowafunga majirani wa Djibouti, wakati huo wakiitwa Wasomali wa Kifaransa, mabao 5 kwa bila.

Sasa tuje Khartoum, Februari 1957. Nchi nne zilikutana huko kuunda Shirikisho la Kandanda la Afrika: Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Naam, Afrika Kusini ya makaburu ilikuwa mojawapo ya waanzilishi. Kombe la kwanza lilipangwa lichezwe papo hapo, na Afrika Kusini wakaleta sharti lao: watapeleka timu ya weupe watupu au timu ya weusi watupu, lakini kuwachanganya hawawezi. Wenzao watatu walikataa, na Yidnekatchew alikuwa kati ya waliosimama kidete. Afrika Kusini ikatolewa katika mashindano.

Tazama jambo hilo lilivyokuwa. Chama kina wanachama wanne tu, hakijamaliza hata siku zake arobaini, nacho kinamfukuza mmoja katika karamu ya kwanza. Mtu mwenye hesabu za biashara angesema tuwavumilie kwanza, tukue, kisha tutazungumza. Mwaka 1957 hata Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa haujazaliwa. Ulizaliwa mwaka 1963, na tena huko huko Addis Ababa. Wanakandanda waliwatangulia wanasiasa kwa miaka sita.

Kwa sababu ya kutolewa Afrika Kusini, Ethiopia ilifika fainali bila kucheza. Huko ikakutana na Misri na kufungwa mabao 4 kwa bila, yote yakitiwa na mtu mmoja, Ad-Diba. Mwaka 1959 kule Cairo, Misri ikawafunga tena 4 kwa bila. Mtu akikufunga manne mara mbili, wewe hujajibu hata moja, hata mashabiki wako wanaanza kuona haya kuvaa rangi zako.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa ilipofika Januari 1962, wakati kombe la tatu lilipopelekwa Addis Ababa. Yidnekatchew alikuwa ameacha kucheza, na sasa alikuwa kocha wa timu ya taifa. Timu zilikuwa nne: wenyeji, Misri iliyokuwa bado ikijiita Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu, Tunisia, na majirani zetu wa Uganda waliokuwa bado chini ya bendera ya Mwingereza. Uganda walijitahidi sana, wakafungwa na Misri 2 kwa 1. Ethiopia wakawatoa Tunisia 4 kwa 2. Fainali ikawa ile ile ya Khartoum, Ethiopia na Misri.

Kabla ya kipenga kupigwa palikuwa na fitina, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nahodha wa Ethiopia alikuwa Luciano Vassallo, mchezaji wa kiungo, mzaliwa wa Asmara. Mama yake alikuwa Mwafrika wa Eritrea, baba yake askari wa Kitaliano. Ndugu yake Italo alikuwa katika timu hiyo hiyo. Inasimuliwa kwamba wakubwa fulani hawakupendezwa. Kombe likishindwa, Mfalme Haile Selassie mwenyewe ndiye angelikabidhi, na wao waliona ni aibu Mfalme ampe mkono mtu mwenye jina la Kitaliano, miaka 20 tu baada ya Mtaliano kufukuzwa. Wakataka unahodha apewe mwingine, au angalau jina la kijana libadilishwe liwe la Kihabeshi.

Yidnekatchew alikataa. Huyu ndiye yule yule aliyeonja ubaguzi wa Mtaliano kwa ulimi wake. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kinyongo, alikuwa yeye. Lakini aliona kwamba kumvua kijana kitambaa kwa sababu ya damu ya baba yake ni jambo lile lile walilolikataa Khartoum, ila sasa limevaa nguo za nyumbani. Luciano akabaki nahodha, na jina lake likabaki Luciano Vassallo.

Niruhusiwe kusema neno moja hapa kama mtu wa Garissa. Watu wa umri wangu wanakumbuka mwaka 1989, Wasomali wa Kenya walipoamriwa wajipange foleni wathibitishe kwamba ni Wakenya, wakapewa kadi za rangi ya waridi juu ya vitambulisho walivyokuwa navyo. Mtu aliyezaliwa hapa, na baba yake akazaliwa hapa, aliulizwa ukoo wake kama mgeni aliyeshuka jana. Kwa hiyo sisi hatuhitaji kuelezwa sana alichokihisi Luciano vyumbani mle, akivaa viatu, huku watu wazima wakibishana nje kama anafaa au hafai kuitwa mwana wa nchi.

Tarehe 21 Januari 1962 uwanja wa Haile Selassie ulijaa, na Mfalme alikuwa mahali pake. Dakika ya 35, Badawi wa Misri akafunga. Kipindi cha kwanza kikaisha hivyo. Kipindi cha pili dakika zilikwenda, robo saa, nusu saa, na hakuna kitu. Mashabiki waliokumbuka 1957 na 1959 wangeweza kusamehewa kama wangeanza kuinuka. Ilipofika dakika ya 74, Girma Tekle akasawazisha. Kwa muda wa dakika moja, uwanja mzima ulikuwa na furaha. Dakika moja tu! Kwa maana dakika ya 75 Badawi yule yule alifunga la pili.

Kila mwenye kuupenda mpira anaujua uchungu wa namna hiyo. Bao la kusawazisha linapojibiwa kabla hujamaliza kumkumbatia jirani yako, huumiza kuliko kufungwa matatu. Mikono inabaki hewani, haijui iende wapi. Zilikuwa zimebaki dakika 15, na mabingwa wa Afrika, walioshinda mara zote mbili kombe hili lilipochezwa, walikuwa wanaongoza.

Dakika ya 84 bao la kusawazisha likapatikana. Aliyelifunga alikuwa nahodha, Luciano Vassallo.

Sijui kama wale wakubwa walisimama kushangilia au la. Nadhani walisimama, kwa sababu mpira una tabia ya kuwainua watu kabla hawajakumbuka walichokisema asubuhi. Mchezo ukaingia muda wa ziada, Wamisri wakiwa wamechoka, nao wenyeji wakivuta hewa ile nyembamba ya milimani waliyoizoea tangu utotoni. Addis Ababa iko juu zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na mgeni akikimbia huko mapafu yake humwambia. Dakika ya 101 Italo, mdogo wake Luciano, akafunga la tatu. Ilipofika dakika ya 117 Mengistu Worku, kijana wa St. George, akamaliza kazi. Ethiopia 4, Misri 2. Mabao manne, kama yale ya Khartoum na yale ya Cairo, lakini safari hii yalikuwa upande mwingine.

Mfalme akamkabidhi kombe Luciano Vassallo. Picha ipo hadi leo.

Ajabu ni kwamba Ethiopia haijalipata tena kombe hilo. Yidnekatchew mwenyewe hakukaa sana kwenye benchi. Kazi yake ikawa mezani, na huko nako alicheza kama mshambuliaji. Wakati ule Afrika haikuwa na nafasi yake katika Kombe la Dunia. Bingwa wa Afrika alitakiwa akapigane kwanza na bingwa wa bara jingine. Yidnekatchew pamoja na Ohene Djan wa Ghana walisukuma mpaka nchi za Afrika zikasusia Kombe la Dunia la 1966 lililochezwa Uingereza. Hakuna hata timu moja ya bara hili iliyokwenda. Mashabiki wengi walihuzunika, hasa wa Ghana waliokuwa na timu kali kweli kweli. Lakini mwaka 1970 Afrika ilipewa nafasi yake yenyewe, ikaenda Morocco. Kila mara tunaposhangilia Senegal, Cameroon au Morocco katika Kombe la Dunia, tunakula matunda ya mti ule.

Mwaka 1972 alichaguliwa rais wa shirikisho la Afrika, akakaa kitini miaka 15 hadi kufa kwake. Mwaka huo huo timu yetu ya Kenya ilicheza fainali za Afrika kwa mara ya kwanza, huko Cameroon. Vita vyake na makaburu viliendelea. FIFA ilikuwa imewasimamisha Afrika Kusini mwaka 1961, ikawarudisha mwaka 1963, ikawasimamisha tena mwaka 1964. Mwaka 1976 iliwafukuza kabisa. Hayo yote hayakuja yenyewe. Yalikuja kwa sababu palikuwa na watu waliokuwa wakisimama katika kila mkutano kusema jambo lile lile, mpaka waliokaa mezani wakachoka kulisikia.

Jingine linalonishangaza ni kwamba alidumu. Mwaka 1974 Mfalme alipinduliwa, na wanajeshi wa Dergi wakashika nchi. Watu wengi waliokuwa karibu na utawala wa zamani waliuawa au wakakimbia. Yidnekatchew alibaki. Mwaka 1976 alisimamia Kombe la Afrika nchini mwake, likichezwa Addis Ababa na Dire Dawa, chini ya serikali mpya. Luciano yeye hakudumu huko. Mwishoni mwa miaka ya sabini alikimbia nchi na hatimaye akafika Italia, nchi ya baba yake, ambako alifariki mwaka 2022. Waliokuwa wakiuliza kama alikuwa Mhabeshi wa kutosha hawakuwa peke yao kumsumbua.

Agosti 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika Nzima, na Kenya ikafika fainali ya kandanda katika uwanja wa Kasarani. Mpinzani? Misri. Sisi tuliokuwa Garissa, zaidi ya kilomita 350 kutoka Kasarani, na mkoa ukiwa bado chini ya sheria za hali ya hatari, tulikuwa na redio. Tulizunguka redio moja ya betri sita nje ya duka, karibu watu thelathini, tukiisikiliza Sauti ya Kenya. Walikuwepo Wasomali, Wamalakote, Wapokomo, Wakikuyu wenye maduka, askari polisi wawili na mwalimu mmoja wa kutoka Maseno. Mtangazaji alipopandisha sauti tulinyanyuka, aliposhusha tukakaa. Misri wakashinda 1 kwa bila. Hakuna aliyezungumza. Mwenye redio aliizima taratibu, kama mtu anayefunga macho ya maiti, na askari wale wawili wakaondoka pamoja na vijana ambao kwa siku nyingine wangewadai vitambulisho.

Yidnekatchew alifariki tarehe 19 mwezi huo huo, akiwa na umri wa miaka 65. Habari yake ilifika kwetu kimya kimya, kama ilifika. Miezi michache baadaye, Gor Mahia walitoka sare ya 2 kwa 2 na Esperance kule Tunis, wakatoka sare nyingine ya 1 kwa 1 Kasarani, wakalichukua Kombe la Mandela kwa mabao ya ugenini. Hilo lilikuwa kombe la shirikisho lake, lenye jina la mtu aliyekuwa bado gerezani mwa makaburu. Na Desemba hiyo Ethiopia walishinda Kombe la Afrika Mashariki na Kati mjini mwao kwa penalti dhidi ya Zimbabwe. Yote mawili hakuyaona.

Afrika Kusini walirudishwa katika shirikisho mwaka 1992, baada ya sheria za ubaguzi kuanza kuvunjwa. Mwaka 1996 waliandaa Kombe la Afrika na kulishinda. Waliliandaa tena mwaka 2013, na safari hiyo Ethiopia walifuzu kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1982. Mechi yao ya kwanza ilikuwa Nelspruit, dhidi ya Zambia waliokuwa mabingwa. Wahabeshi waishio huko Afrika Kusini walikuja kwa maelfu, uwanja ukawa kijani, manjano na nyekundu. Kipa wao alipotolewa kwa kadi nyekundu walikasirika hata wakatupa vuvuzela uwanjani. Kisha, wakiwa watu kumi tu na wakiwa nyuma kwa bao moja, Adane Girma akasawazisha, na ikaisha 1 kwa 1. Ilikuwa tarehe 21 Januari, siku ile ile ya fainali ya Addis Ababa, miaka 51 baadaye.